Kurudia picha bila kuiua: siku ya mchoraji studioni na kanvasi zilizokwama

Rangi ya mafuta ikiwa mbichi, ifute. Ikishakauka kabisa, ikwangue, ipige msasa, paka juu yake. Ikiwa katikati, inanata ukiigusa kwa kidole, igeuze uso ukutani na ushike kanvasi nyingine. Kanuni hiyo ndiyo inayopanga karibu kila kitu kinachofuata hapa: idadi ya kanvasi unazokuwa nazo kwa wakati mmoja, kazi ya asubuhi, namna ya kufunga siku. Mchoraji anayeifuata anaweza kurudi kwenye picha ileile mara kumi na ikabaki imara. Anayeipuuza hurudi mara mbili tu, na baada ya mwaka nyufa zinaanza kujionyesha.

Maelezo haya ni ya rangi za mafuta za wasanii, zile za tyubu, juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji, na rangi ya kopo zina sehemu zao huko mbele, kwa sababu tabia zao ni nyingine na makosa yao ni mengine.

Mwanga

Mafunzo mengi ya uchoraji yametoka Ulaya, nayo husema dirisha la studio lielekee kaskazini. Kwao ni sawa, maana jua lao la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Karibu na ikweta jua linahama. Dar es Salaam, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, kisha linavuka kwenda kusini. Nairobi linavuka katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Kwa hiyo dirisha tulivu la Juni linaweza kuwa dirisha la jua kali Desemba. Ukiwa na dirisha la kusini na la kaskazini, tumia moja na ufunge jingine kulingana na msimu. Ukiwa na moja tu, tundika shashi nyeupe miezi ile jua linapolielekea. Iwe nyeupe kweli: pazia la krimu hulainisha kila buluu utakayochanganya, nawe utaongeza buluu bila kujua, kisha utashangaa picha ikitolewa nje. Ukuta wa kijani au wa rangi ya bahari nao hurudisha rangi yake kwenye kanvasi. Upake nyeupe au kijivu chepesi.

Kwa kazi ya jioni, tafuta taa za LED za kelvini 5000 zenye kipimo cha CRI, yaani uwezo wa taa kuonyesha rangi zilivyo, cha 90 au zaidi. Vyote viwili huandikwa kwenye boksi. Taa imulike paleti, ule ubao wa kuchanganyia rangi, na kanvasi kwa kiwango kimoja. Kanvasi ikimulikwa kupita kiasi, kila kitu kitaonekana king'avu hapo studioni, na picha ikifika sebuleni kwa mnunuzi itakuwa giza.

Asubuhi: macho kabla ya brashi

Saa mbili asubuhi ni wakati mzuri wa kuanza, na robo saa ya kwanza isiwe na brashi mkononi. Jana uliiacha picha imegeuzwa ukutani. Igeuze ghafla, simama mita tatu au nne nyuma, na uandike kitu cha kwanza ambacho jicho limekimbilia katika sekunde tano. Kama jicho limeenda mahali usipokusudia, umeshapata kazi ya leo.

Baada ya hapo itazame kwa njia ambazo jicho halijazizoea. Ishike kwenye kioo, pande zibadilike: uso uliopinda na mstari wa upeo uliolala upande hujitokeza mara moja. Igeuze juu chini. Ipige picha kwa simu na uifanye nyeusi na nyeupe. Hii ya mwisho ndiyo yenye msaada mkubwa kwa wengi, kwa sababu picha nyingi zinazosemwa kuwa rangi zake hazikupatana zina kasoro ya giza na mwanga, si ya rangi. Kama gauni jekundu na ukuta wa kijani ulio nyuma yake vinakuwa kijivu kimoja kwenye simu, hakuna wekundu utakaoliokoa gauni hilo mpaka ubadilishe kiwango cha mwanga cha kimojawapo.

Sasa andika sentensi moja kwenye kipande cha tepu ya karatasi na ukibandike kwenye stendi. Iwe na kitendo ndani yake: "Shusha bega la kushoto sentimita mbili", "Punguza ukali wa anga, usiguse miti". Sentensi kama "Boresha uso" haifai, kwa sababu haisemi utakapoishia. Ukishindwa kuandika sentensi, usifungue rangi kwa ajili ya picha hiyo leo. Wamba kitambaa kipya, paka praima (tabaka la kuandaa kitambaa kipokee rangi), chora kwa mkaa kwenye karatasi. Kugusagusa bila sentensi ndiko kunakozaa picha zenye matope.

Kupima ukavu

Fanya vipimo vitatu, kwa mpangilio huu. Gusa kwa kidole sehemu nyembamba. Kisha zungusha pamba kwenye kijiti, ichovye kwenye waitispiriti (kiyeyushaji cha rangi), ikamue, na uipitishe taratibu ukingoni mwa picha mara tatu: ikitoka na rangi, tabaka bado changa. Mwisho, chukua kijiti cha meno na uchome kidogo penye rangi nene kuliko zote. Rangi nene hufunga ngozi juu huku ndani ikiwa laini kama siagi, na kidole hakiwezi kukuambia hilo.

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka. Hukauka kwa mafuta yake kushika oksijeni ya hewani na kuwa ngumu. Ndiyo maana inahitaji hewa inayotembea na mwanga, na ndiyo maana wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, kila kitu huchelewa. Kila rangi ina mwendo wake. Rangi ya udongo ya amba, ile ya kahawia iliyokolea yenye alama PBr7 kwenye tyubu, ina manganizi ndani yake, na ikipakwa nyembamba hukauka kwa siku moja au mbili. Nyeupe ya titani, PW6, huchukua siku kadhaa hadi wiki. Nyeusi ya mifupa na nyekundu za kadimiamu zinaweza kupita wiki mbili. Rangi iliyorundikwa kwa kisu huhesabiwa kwa miezi.

Hapo ndipo unapoona sababu ya kuwa na kanvasi nne au tano kwa pamoja. Mwenye kanvasi moja ataikuta inanata siku tatu kati ya saba, naye atashindwa kuvumilia. Mwenye tano ana kila siku angalau moja mbichi na moja kavu.

Paleti na mafuta

Panga rangi kwa mpangilio uleule kila siku, kutoka nyepesi hadi nzito, ili mkono ufike bila kuuliza macho. Kwa kanvasi ya sentimita 60 kwa 80, toa nyeupe kama mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, na nyingine mililita tatu au nne kila moja. Ubahili wa rangi una gharama yake: rangi ikiisha paletini, mchoraji huirefusha kwa tapentaini, na tabaka hilo likikauka huwa unga unaotoka kwenye kidole. Zinazobaki jioni zihamishie kwenye kipande cha kioo, funika kwa nailoni, weka kwenye friza. Baridi hupunguza mwendo wa oksijeni, nazo zitakaa siku kadhaa. Friza isiwe ya chakula.

Kanuni ya matabaka ni kwamba la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini. Tabaka lenye mafuta mengi huendelea kunyumbuka na kutembea kwa muda mrefu. Likiwa chini ya tabaka kavu lisilonyumbuka, lile la juu hupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Kwa vitendo:

Tabaka la kwanza, rangi na tapentaini kidogo, iwe kama uji mwepesi. Usizidishe kipimo cha sawa kwa sawa, maana kiyeyushaji kingi hudhoofisha mafuta yanayoshikilia unga wa rangi. La pili, rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu. La tatu na kuendelea, mchanganyiko wa sehemu moja ya mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, kwa mbili za tapentaini; baadaye sehemu moja kwa moja, yaani sawa kwa sawa. Mchanganyiko huo usizidi robo ya rangi unayochanganya nao. Ukizidi, uso hujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa na kuachwa yapoe.

Linsidi iwe ile ya wasanii, iliyosafishwa. Ile iliyochemshwa wanayotumia mafundi seremala huwa imetiwa vikaushio vya metali na hugeuka kahawia. Mafuta ya taa yaache kabisa: huacha unyevu wa mafuta ndani ya rangi usiokauka ipasavyo. Na thina ya magari ni kali mno, hula tabaka la chini ukiwa unadhani unalipaka.

Ikiwa mbichi: uamuzi wa jioni

Acha kupaka nusu saa kabla mwanga haujaisha. Muda huo ni wa kuamua: kazi ya leo inabaki au inatoka? Kesho asubuhi itakuwa imeanza kunata na mlango umefungwa kwa wiki nzima. Wachoraji wengi hufanya uamuzi huu kwa uvivu, wakaacha kitu wanachojua hakifai kwa sababu kimewachukua saa nne. Saa nne hizo hazipotei. Jicho limeshajifunza umbo, na kesho litalifikia kwa saa moja. Frank Auerbach, aliyefanya kazi katika studio moja ya London tangu 1954, alikuwa na kawaida ya kukwangua kazi ya siku nzima na kuanza upya juu ya mabaki yake, mara nyingi kwa miezi, hadi siku moja picha ije yote kwa pamoja.

Kukwangua: laza kisu cha rangi karibu kabisa na kitambaa, kianze ukingoni mwa umbo kielekee katikati, na ukifute kwa tambara kila baada ya mpigo mmoja. Kisu kisichofutwa hurudisha ulichotoa. Usibonyeze penye mbao za fremu, kwa sababu ncha ya mbao itakata kitambaa. Kitabaki kivuli cha umbo ndani ya nyuzi. Usikifute. Kivuli hicho ni mchoro mzuri wa kuanzia kesho kuliko kitambaa cheupe.

Njia ya pili ni ya gazeti, nayo ni bora pale ambapo mchoro ni sahihi ila rangi imekuwa nene na yenye kuteleza. Laza kurasa za gazeti juu ya sehemu hiyo, pitisha kiganja bila kusugua, kisha vuta kutoka pembe moja taratibu. Gazeti hunyonya mafuta na rangi ya ziada, na hubaki uso mwembamba, usiong'aa, unaopokea brashi vizuri. Waingereza wameipa njia hii jina la Henry Tonks, aliyekuwa profesa wa shule ya sanaa ya Slade mjini London. Karatasi za kung'aa za majarida hazifai, hazinyonyi.

Ya tatu ni kufuta kwa tambara lenye tapentaini hadi kwenye praima. Itumie tu kama chini ya rangi mbichi hakuna tabaka jingine changa. Vinginevyo utayayeyusha yote mawili na kuyasukuma ndani ya kitambaa, na tope hilo halitoki tena.

Kabla ya kukwangua au kufuta, piga picha kwa simu. Mwaka 1935 Henri Matisse alipofanyia kazi picha yake ya mwanamke wa waridi aliyelala, iliyopo sasa katika jumba la makumbusho la Baltimore, alipigisha picha 22 za hatua zake, na alijaribu mabadiliko kwa kubandika vipande vya karatasi za rangi juu ya kanvasi kabla ya kupaka. Kwa simu kazi hii haina gharama. Mara nyingi hatua ya sita ndiyo iliyokuwa na mkono sahihi na ya tisa ndiyo yenye anga sahihi, na bila picha hutajua.

Halafu usafi. Brashi ifutwe kwa gazeti kwanza, isuuzwe kwenye kopo la waitispiriti, ifutwe tena, kisha ioshwe kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu kwenye kiganja hadi povu liwe jeupe. Uchafu unaoua brashi hukaa pale nywele zinapoingia kwenye chuma. Bonyeza hapo kwa vidole mpaka pasitoke rangi. Irudishie umbo na uilaze. Ukiisimamisha ikiwa imelowa, maji hushuka kwenye mpini na gundi huachia. Kopo la waitispiriti lifunikwe hadi kesho: uchafu utatua chini na utamimina kiyeyushaji safi cha juu kwenye kopo jingine.

Matambara yenye linsidi ni hatari ya kweli. Linsidi ikishika oksijeni hutoa joto, na tambara lililokunjwa na kutupwa kwenye kikapu linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatumbukize kwenye debe la chuma lenye maji na kifuniko, au yatandaze moja moja nje hadi yakauke yakawa magumu. Hili lisiahirishwe hata siku moja.

Mwisho, andika kwenye karatasi iliyobanwa nyuma ya fremu: tarehe, sehemu uliyopaka, mafuta uliyotumia. Mfano: "12/4, anga, PB29 na PW6, mafuta 1:2" (PB29 ni alama ya buluu ya ultramarini). Baada ya miezi minane karatasi hiyo itakuambia kama unaweza kupaka juu au la.

Ikiwa inanata

Ukipaka juu ya rangi inayonata, mambo mawili hutokea. Brashi huinyanyua na kuichanganya, ukapata kijivu usichokiomba. Na hata ukifanikiwa kuilaza rangi mpya juu yake bila kuinyanyua, umeifunika isipate hewa: ya juu hukauka kwanza, ya chini inaendelea kutembea, na nyufa hufuata. Hakuna dawa ya kuharakisha. Kuiweka juani saa nzima hulegeza kitambaa na kuikausha ngozi ya juu tu. Feni ya mwendo mdogo chumbani, mbali na vumbi, ndiyo msaada pekee unaofaa. Usiifungie kabatini, gizani hukauka polepole zaidi na linsidi hugeuka njano.

Ikishakauka: kazi yenyewe ya kurudia

Hapa ndipo picha za zamani zinapookolewa. Tabaka jembamba lipe wiki tatu au nne kabla ya kupaka juu, na miezi sita kabla ya kupiga msasa. Msasa ukianza mapema, rangi hujiviringisha vipande vipande kama mabaki ya raba ya kufutia.

Anza kwa kuuliza kama picha ilipakwa vanishi. Ikiwa ndiyo, vanishi itoke kwanza sehemu yote utakayoigusa, kwa pamba na waitispiriti, ukibadilisha pamba kila inapochafuka, baada ya kujaribu ukingoni. Rangi iliyopakwa juu ya vanishi itaondoka nayo siku mtu atakapoisafisha picha.

Jaribu badiliko kabla ya kulipaka. Tandaza nailoni angavu ngumu juu ya kanvasi, uishike kwa tepu pembeni, na upake wazo lako juu yake kwa akriliki. Ukikosea, futa. Tazama siku mbili. Njia hii huokoa picha nyingi kuliko mbinu yoyote ya brashi, na ni wachache wanaoitumia.

Kisha zima taa za juu na umulike kanvasi kwa tochi kutoka ubavuni. Utaona matuta yote ya brashi ya zamani. Tuta la paji la uso wa zamani litaonekana katikati ya anga jipya hata ukilipaka mara tano, kwa sababu mwanga huliangukia. Ni lazima lisawazishwe.

Chomeka nyuma, kati ya kitambaa na mbao, makaratasi ya boksi yenye unene sawa na fremu, ili kitambaa kipate kitu cha kuegemea. Matuta makubwa yapunguze kwa ncha ya kisu kikali kilicholazwa. Kisha chukua msasa wa maji namba 220, ulowanishe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, sugua kwa miduara midogo bila nguvu, ufute kwa tambara lililokamuliwa. Malizia kwa namba 320. Maji yasitiririke kuingia nyuma ya kitambaa. Weupe wa praima ukianza kuonekana kwenye vilele vya nyuzi, acha. Usipige msasa mkavu hata kwa dakika moja: vumbi la kadimiamu, kobalti na risasi ni sumu ya kuvuta. Vaa glovu, na tope la msasa ulifute kwa karatasi utupe, lisiende kwenye sinki la jikoni. Iache ikauke siku nzima.

Sasa rangi ya zamani itakuwa imefifia, hasa giza lake. Hiyo ni rangi iliyonyonywa mafuta na tabaka la chini, na ukilinganisha rangi mpya nayo ilivyo, utakosea. Changanya linsidi na tapentaini sawa kwa sawa, kijiko kimoja cha chai chatosha kwa kanvasi ya 60 kwa 80, paka kwa kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, subiri dakika mbili, kisha futa karibu yote. Giza litarudi kama jiwe lililolowanishwa. Fanya hivi tu sehemu utakayoipaka leo. Mafuta yanayoachwa juu bila rangi hugeuka njano.

Ukianza kupaka, usizibe kiraka. Rangi mpya, hata ikilingana leo, itazeeka kwa mwendo wake na kiraka kitaonekana. Ipeleke hadi kwenye mpaka wa asili: ukitengeneza shavu, fika hadi kwenye taya, ukibadilisha kipande cha anga, pitia anga lote japo kwa tabaka jembamba.

Kugeuza giza kuwa mwanga ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Rangi ya mafuta huzidi kuonyesha kilicho chini yake kadiri inavyozeeka, na kilichofichwa hujitokeza. Katika picha ya Picasso ya mpiga gitaa mzee, ya 1903 hadi 1904, iliyopo Chicago, kichwa cha mwanamke wa picha ya chini kinaonekana kwa macho matupu juu ya shingo ya mzee. Ili kujikinga, weka kwanza tabaka la kati: nyeupe ya titani yenye chembe ya amba, bila mafuta ya ziada, iliyobanwa kwa kisu hadi iwe nyembamba na yenye kuziba. Ipe wiki tatu, kisha paka rangi yako. Soma tyubu vizuri: nyeupe nyingi zinazouzwa kama mchanganyiko zina PW4, yaani zinki, ambayo ikizeeka huwa kavu kama ganda la yai na tabaka la juu linaweza kubanduka. Chini ya kazi nyingine isitumike.

Akriliki

Akriliki hukauka kwa maji kutoka, dakika ishirini au chini ya hapo ukiwa na feni, kwa hiyo hali ya kunata haikusumbui na unaweza kurudia picha mara tatu kwa siku. Paletini, tandaza kitambaa kilicholowa kwenye trei, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi juu ya karatasi. Itakaa mbichi siku nzima. Kwa joto la pwani akriliki kavu hubaki laini kidogo, huziba msasa na kanvasi mbili zilizoegemeana hushikana. Piga msasa asubuhi ikiwa baridi, kwa maji, na kati ya kanvasi weka karatasi ya kuokea. Spiriti, ile ya alkoholi na si waitispiriti, hulainisha akriliki kavu, lakini praima yako nayo kwa kawaida ni akriliki, kwa hiyo itumie kuokoa brashi na si kufuta picha.

Rangi ya mafuta juu ya akriliki inakubalika, akriliki ikiwa kavu na isiyong'aa. Akriliki juu ya mafuta haikubaliki kamwe, wala jeso, yaani praima nyeupe, ya akriliki ya kufunika picha ya zamani ya mafuta. Itashika miezi michache kisha itabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Kama hujui picha ilipakwa kwa rangi ya aina gani, pamba yenye spiriti ukingoni hukupa dalili: akriliki hulainika na kuacha rangi upesi, mafuta yaliyokomaa hukawia.

Rangi ya kopo

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki 1972, alipaka kwa rangi ya kopo inayong'aa juu ya hadibodi, na wachoraji wa mkondo wake wanaendelea nayo. Kasoro ya rangi hii ikirudiwa ni kujikunja: ukipaka tabaka jipya wakati la chini limekauka juu tu, kiyeyushaji huingia, hulivimbisha na kulinyanyua, na uso unakuwa kama ngozi ya mzee. Kopo huandikwa muda wa kurudia. Rudia ndani ya muda huo au subiri wiki nzima. Juu ya rangi kavu inayong'aa, pitisha msasa wa maji namba 400 kwanza, kwa maana gamba laini halishiki kitu. Kosa dogo la mstari halihitaji hayo yote: lifute papo hapo kwa pamba yenye waitispiriti.

Zisizofaa kurudiwa

Bonyeza kwa kidole upande wa nyuma, taratibu. Ukisikia mlio wa kukatika au rangi ikidondoka, acha. Matabaka yameachana, na rangi yoyote ya juu itadondoka pamoja nayo. Vivyo hivyo kanvasi iliyopakwa akriliki juu ya mafuta, na ile iliyorundikwa nene hadi kitambaa kimelemewa. Toa kitambaa, bakiza fremu, wamba kipya. Mbao nzuri zilizokauka bila kupinda ndizo ghali, kitambaa si ghali kama miezi minne ya kupigana na msingi mbovu.

Kanvasi iliyolegea tu si mgonjwa. Gonga kabari za pembeni kidogo kidogo, zote nane kwa zamu, hadi kitambaa kitoe sauti ya ngoma kikipigwa kwa kidole. Kulowanisha nyuma kwa maji hukaza kwa siku mbili na kukaribisha ukungu.

Picha uliyoirudia ihesabu kama mpya: miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya vanishi ya mwisho, ukihesabu kutoka mguso wa mwisho ulioandikwa kwenye karatasi ya nyuma. Wakati ikisubiri, isiegemee ukuta wa nje moja kwa moja, hasa pwani. Weka vipande vya mbao vya sentimita tano nyuma yake hewa ipite. Ukiona madoa ya ukungu, itoe nje, ifute kwa brashi laini kavu, na upande wa nyuma uuoneshe jua la asubuhi dakika ishirini.